ZAMBARAU: TUNDA LISILO NA MWENYEWE, ULIMI NDIO SHAHIDI

Na Mwandishi Wetu

NI saa tisa alasiri na jua la Dar es Salaam linachoma ile mbaya. Pale kwenye kona moja ya Temeke, ambapo vijana wa bodaboda huegesha pikipiki zao, kasimama dada mmoja wa ofisini. Blauzi nyeupe, kiatu cha mchuchumio, begi la ngozi begani. Kainama mbele kama mtu anayetaka kutapika, mikono kainyoosha mbali na kifua.

Hatapiki, wala haumwi. Dada wa watu anakula zambarau, na hataki tone hata moja liguse blauzi.

Wale vijana wa bodaboda wanamcheki huku wanacheka, na kila akicheka mmoja unaona kitu: ndimi zao zote zimepakwa rangi moja. Rangi ya zambarau.

"Karibu, braza," ananiambia mmoja huku ananisogezea kikaratasi. "Usiogope, hazina mwenyewe hizi."

Msomaji wangu, hilo neno ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hazina mwenyewe. Endelea kusoma, utaona hilo neno lilivyo tamu na lilivyo na sumu ndani yake.

ZABIBU YA USWAHILINI

Kuna watu wakisikia tunda jeusi linalokuja kwa vichala wanafikiria zabibu tu. Sawa. Zabibu za Dodoma ni tamu na zina heshima yake. Lakini zabibu ina shamba, shamba lina mwenyewe, na mwenyewe ana mizani. Huna hela, utakula kwa macho.

Zambarau ni zabibu ya mtoto asiye na senti mfukoni. Mti umejiotea nyuma ya shule, kando ya mfereji, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajaonekana miaka kumi. Kaskazi ikishashika kasi na joto likapanda, wakati ule ule embe zinapojaa kila genge, unapita njiani unaona lami imechafuka madoa meusi kama mtu kamwaga wino. Inua macho. Umefika.

Wataalamu wanauita Syzygium cumini. Asili yake ni India na nchi za jirani zake, ambako wanaliita jamun, na uliingia kwetu kwa njia ya Bahari ya Hindi. Ukishafika ukazoea, haukungoja tena kupandwa. Kunguru anakula huku anatema kokwa kule. Popo anabeba usiku. Mvua ikinyesha, mche huo.

Halafu sikiliza hii ya kuwatambia washikaji: mzambarau na mkarafuu ni ndugu wa damu. Hata jina la kwanza la kitaalamu wanatumia moja. Mpera na mkaratusi nao ni wa ukoo huo huo, ila ni kama mabinamu. Chuma jani bichi la mzambarau, likunje, lisugue kidoleni, unuse. Utakubali kwamba ukoo huu unajua kunukia.

Na huko porini Tanzania tunaye ndugu mwingine ambaye hakuja na chombo chochote, mwenyeji kabisa: mzambarau mwitu. Tunda lake ni dogo zaidi, na wachunga ng'ombe na watoto wa vijijini wanalijua vizuri kuliko mimi na wewe.

Tunda hili limetuachia hata rangi. Mzungu ana jina lake la rangi ile iliyo kati ya nyekundu na buluu, sisi tunasema zambarau, basi. Mtoto wa chekechea Mwanza, Nairobi au Arusha anaijua rangi ya zambarau kwenye boksi la penseli. Muulize kama amewahi kulila tunda lenyewe. Wengi watakukodolea macho.

Hata mitaa yetu ilipewa majina na watu waliokuwa wakila vitu vya miti. Kuna Mabibo, Mkwajuni, Mwembechai, Mikocheni. Kule Ukonga kuna Mzambarauni, na Pemba nako kuna Mzambarauni yake. Sasa nenda Mabibo ukatafute bibo la kuokota, halafu uje unipe ripoti.

ULIMI NDIO SHAHIDI

Ngoja niwape kisa changu, maana siwezi kuandika habari za zambarau nikajifanya malaika.

Miaka ya tisini mtaani kwetu kulikuwa na mzambarau mkubwa nyuma ya zahanati. Tukitoka shule hatupiti nyumbani. Madaftari chini, mashati nje, mtu na mti. Wadogo kazi yao kuokota. Wenye mikono mirefu wanapopoa kwa mawe na vipande vya miti, na waliokuwa na akili zaidi walikuwa na ngoeko, ule mti mrefu wenye kinundu cha kuvutia tawi. Sisi masharobaro wa enzi hizo tulikuwa tunapanda.

Kila mtu alijua kwamba zambarau tamu ziko mwisho wa tawi, juu kabisa, zinakopigwa na jua. Na kila mtu alikuwa ameshaambiwa na bibi yake kwamba mzambarau si mwembe. Mwembe utakubeba. Tawi la mzambarau linakuchekea, halafu linakatika bila hata kupiga kelele ya kukuonya.

Siku hiyo rafiki yangu alifuata kichala kimoja. Nakiona mpaka leo kile kichala. Nikasikia "ka!" na mwenzangu akapita mbele ya macho yangu akiwa na majani mkononi.

Alivunjika mkono wa kushoto. Bahati ni kwamba zahanati ilikuwa pale pale, na bahati mbaya ni kwamba mama yake alikuwa pale pale vile vile, kampeleka mdogo wake kupima uzito. Kabla hajauliza mkono umekuwaje, akatupanga mstari.

"Nani alikuwa juu ya mti?"

Kimya.

"Haya, toeni ndimi nje."

Jamani! Ndimi saba, zote zambarau. Kesi ikaishia hapo. Mwenzangu akafungwa hogo, yaani plasta ngumu, wiki nyingi, na sisi wengine tulifungwa viboko. Mpaka leo akinyoosha ule mkono una kikona kidogo. Ukimuuliza anasema, "Hii ni alama ya zambarau."

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ushauri wa kwanza wa makala haya ni huu: usipande. Tandika khanga kuukuu au turubai chini, tafuta ngoeko, tikisa tawi taratibu. Zilizoiva zinadondoka zenyewe. Zinazogoma kudondoka hazijawa tayari, na hazitakufurahisha.

NAMNA YA KULA BILA KUJUTA

Bibi anayeuza chini ya mti wa kona ile ya Temeke ndiye mwalimu wangu katika hili. Nilimsogelea nikampa shikamoo yake.

"Marahaba mjukuu wangu. Unataka za shilingi ngapi?"

"Za mia tano, bibi. Lakini nichagulie nzuri."

"Zote nzuri. Wewe ndiye hujui kula."

Akanipa darasa. Zambarau ya kula ni nyeusi tii, imejaa, ukiibonyeza inaitika kidogo. Yenye wekundu-wekundu bado ina ukakasi, ule unaokausha mdomo mpaka unaona ulimi umegeuka kitambaa. Hata iliyoiva vizuri ina ukakasi kidogo, na ndiyo raha yake: inaanza tamu, inafuata chachu, mwisho inakukaba kooni kama inayokuuliza, "Umeniona?"

Mtindo wa uswahilini ni wa bakuli mbili. Osha zambarau zako, tia kwenye bakuli, nyunyiza chumvi na kwa wanaume wa shoka pilipili ya unga. Funika na bakuli la pili, shika kwa nguvu, tikisa kama mtu anayechanganya karata. Zinagongana, ngozi inachubuka, maji yanatoka na chumvi inaingia. Dakika mbili tu. Ukishakula hivyo, siku nyingine hutaki za kavu.

Ukitaka juisi, ponda kwa mkono, usitumie blenda. Blenda inasaga kokwa, na kokwa ni chungu, inaharibu jagi zima. Ponda, chuja, ongeza maji na sukari, weka kwenye friji. Rangi yake peke yake inatosha kuwanyamazisha wageni.

Na kula siku hiyo hiyo. Zambarau haingoji. Ukiiacha kwenye joto mpaka keshokutwa inachacha na kutoa maji. Ndiyo maana huikuti ikisafirishwa kwa makontena. Ni tunda la pale pale, kwa watu wa pale pale.

Jambo moja sitaki ulichukulie mzaha. Zambarau iliyotobolewa au yenye alama za meno, iache. Usiseme nitakata upande. Popo wanazipenda kama sisi, na popo wala matunda ndio wanaohusishwa na virusi vya Marburg, ugonjwa uliotupiga Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Okota nzima, osha kwa maji safi, kula. Haikugharimu kitu.

KASHESHE LA BLAUZI NYEUPE

Turudi kwa dada yetu wa mchuchumio. Licha ya kuinama kote kule, tone likaruka. Likatua palepale penye kola. Kelele aliyopiga ilifanya abiria wa daladala wachungulie.

Bodaboda mmoja akataka kumletea sabuni ya kipande. Bibi akamzuia: "Usimtie sabuni! Unataka liwe buluu?"

Bibi hajasoma kemia, lakini yuko sahihi. Wekundu na weusi wa zambarau unatokana na rangi za asili ziitwazo anthosianini, zile zile zilizomo kwenye zabibu nyeusi. Rangi hizi zina kigeugeu. Zikikutana na kitu chachu zinakuwa nyekundu na kulegea, zikikutana na sabuni au magadi zinageuka buluu. Kwa hiyo utaratibu ni huu: maji baridi kwanza, mengi, papo hapo. Halafu kamulia limau, acha kidogo, suuza. Sabuni ije mwisho. Doa likikauka mpaka kesho, hiyo blauzi ihesabu kuwa ya kulalia.

Limau likapatikana kwa muuza supu wa jirani. Doa likafifia likabaki kama kivuli. Dada akashukuru, akafikiria kidogo, akanunua nyingine za mia tano.

ETI NI DAWA YA SUKARI?

Hili nimeulizwa na watu watatu tangu waliposikia naandika habari hizi. Ni kweli kwamba huko India kokwa za zambarau zilizokaushwa na kusagwa zimetumika tangu zamani kwa watu wenye kisukari, na hapa kwetu wapo wanaouza unga wake. Ni kweli pia kwamba wanasayansi wameujaribu kwa panya na baadhi yao wameona sukari inashuka.

Lakini panya si mjomba wako. Huko Brazil watafiti waliwajaribu binadamu kwa chai ya majani ya mti huu, na sukari haikushuka. Kwa hiyo kula zambarau kwa sababu ni tamu. Mwenye kisukari asiache dawa za hospitali kwa ajili ya kikombe cha unga wa kokwa, na akitaka kuutumia amuulize daktari wake kwanza.

ALAMA NYEKUNDU

Sasa nafika kule nilikokuwa nakwepa.

Nilipokuwa namlipa yule bibi, niliegemea mti. Nikahisi kitu kama ganda la rangi. Nikageuka. Kwenye shina la ule mzambarau, upande wa barabarani, imepigwa alama ya X. Nyekundu. Ile ile tunayoiona kwenye kuta za nyumba zinazosubiri tingatinga.

"Barabara inapanuliwa, mjukuu wangu," bibi akasema bila kuinua kichwa. Alikuwa anazungusha kikaratasi kuwa kama koni ya karanga. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, anatumia magazeti ya zamani. Huenda hata gazeti hili unalolisoma, wiki mbili zijazo litakuwa limebeba zambarau.

Nikaenda kumwona mjumbe wa mtaa. Mzee mstaarabu, akanikaribisha benchi. Nikamuuliza: huu mti hauwezi kuachwa?

Jibu lake nimelibeba mpaka leo. Alisema nyumba zenye X zina wenyewe. Wenyewe wana karatasi, wanakwenda ofisini, wanalalamika, wanathaminiwa, wanalipwa fidia. Hata mwembe ulio ndani ya ua wa mtu unahesabiwa, unaandikwa, mwenye ua anasaini. "Lakini ule mzambarau," akasema, "nani atausainia? Mtaa mzima umekula pale. Wakati wa kula, ni wetu sote. Wakati wa kwenda ofisini, hauna mtu."

Nilinyamaza. Maana nilikumbuka yule kijana wa bodaboda: hazina mwenyewe. Nilikuwa nimelifurahia neno lile. Kumbe ndilo linalokata mti.

Yule bibi ameuza chini ya kivuli kile misimu mingi. Ameniambia zambarau haikumjengea nyumba, lakini kila mwaka ilikuja wakati ule ule wajukuu wanapotaka sare na madaftari. Ana sheria zake. Matawi ya chini ni ya watoto, hauzi. Ya kati ndiyo ya biashara. Ya juu ni ya ndege, na hamruhusu mtu kupanda kuyafuata. "Nao wamezaliwa," anasema.

Sisemi barabara isijengwe. Ninapanda daladala kama wewe, nimekaa foleni hiyo hiyo mpaka nikasahau nilikokuwa naenda. Barabara tunaihitaji. Ninachosema ni kwamba katika mtaa mzima, tuliokula pale tangu tukiwa na meno ya utoto, hakuna hata mmoja aliyeuliza.

MAKOPO YA RANGI

Niliporudi wiki iliyofuata, X ipo na mti upo. Bibi yupo. Lakini kulikuwa na kitu kipya: nyuma ya kiti chake, kwenye kivuli, makopo ya rangi matupu kumi na moja, yametobolewa chini, yamejazwa udongo.

Kumbe ni wale vijana wa bodaboda. Badala ya kutema kokwa barabarani, wamekuwa wakizikusanya na kuziotesha. Mmoja akaniambia wamekubaliana kila dereva ana kopo lake na jina lake limeandikwa kwa makapeni. Asiyemwagilia analipa faini ya soda.

"Safari hii miti ina wenyewe," akaniambia, akacheka. Ulimi zambarau.

Nao hawadanganyiki kwamba ni kazi ya kesho. Mzambarau wa kokwa huchukua kama miaka minane hadi kumi kabla ya kuzaa. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakula akiwa kidato cha tatu au cha nne. Yule bibi anajua hesabu hiyo. Nilimuuliza kama naye ana kopo, akanionyesha moja, la mwisho pembeni.

"Bibi, utazila kweli hizo?"

"Na mimi huu mti niliukuta," akanijibu.

Ukitaka kufanya kama wao, sikiliza. Chukua kokwa mbichi, ile uliyotoka kuila. Usiikaushe ukaiweka kabatini, inakufa upesi. Ifukie kidogo tu kwenye udongo wenye unyevu, kivulini. Mche ukifika magotini, utafutie mahali. Mti huu unakuwa mkubwa, kwa hiyo usiuweke chini ya nyaya za umeme wala kwenye ukuta wa jirani, utakuja kupelekwa kwa mjumbe. Wala usiupeleke kwenye msitu wa asili. Unajisambaza wenyewe kwa kasi, na Afrika Kusini wameuweka kwenye orodha ya miti vamizi. Uani, shuleni, kwenye uwanja wa msikiti au kanisa, huko ndiko kwake. Na muhimu kuliko yote: mwambie mtu. Mwambie mwalimu mkuu, shehe, padri, mwenyekiti wa mtaa. Awepo wa kusema "huu ni wetu" siku mwenye kopo la rangi nyekundu atakapopita.

Mimi yangu ni kopo la kumi na mbili. Nimeliweka barazani kwangu. Bado hakijatoka kitu, na mke wangu ananiuliza kila asubuhi namwagilia nini. Namwambia subira.

Basi kwa leo naishia hapo. Msimu ni mfupi, shika ngoeko yako, vaa shati jeusi, na ukiulizwa nyumbani ulikuwa wapi usijisumbue kudanganya. Watakuambia toa ulimi.